Dawa ya dizeli haipimwi kwa leso

Mhariri,

Mwezi uliopita alikuja muuzaji karakanani kwetu hapa Changamwe na katoni la dawa ya dizeli, ile ya kumimina tangini ili lori liache moshi. Akawasha lori moja likiwa limesimama tuli, akaziba mdomo wa ekzosi kwa leso nyeupe, akaitoa na doa dogo tu. Wenye malori wawili wakanunua papo hapo.

Nilinyamaza, na hilo limenikera tangu siku ile. Lori lenyewe nilikuwa nimelibadilisha noseli, vile vinyunyizio vya dizeli ndani ya injini, juzi yake, na eyaklina, chujio la hewa, ilikuwa mpya. Lingetoa moshi gani?

Sisemi dawa zote ni uongo. Zipo zinazoongeza setani, kipimo cha wepesi wa dizeli kuwaka, dizeli ikawahi kushika moto. Zipo za kusafisha noseli. Zipo zenye metali ya seriamu, husaidia masizi yaungue ndani ya chujio la ekzosi, ila malori mengi ninayoyafungua hayana chujio hilo.

Lakini dawa hujaribiwa kwa injini moja na dizeli ya tanki moja: kwanza bila dawa, kisha na dawa, kisha bila dawa tena. Hiyo raundi ya tatu ndiyo hurukwa. Moshi usiporudi, huenda dawa haikuhusika. (Ya kusafisha noseli ina udhuru wake, maana noseli ikishatakata hubaki hivyo kwa muda.) Tena injini ibebe mzigo. Lori hutapika likipanda Mazeras na kontena mgongoni, si likinguruma kivulini. Masizi yanaswe kwenye karatasi ya chujio na kupimwa kwa mizani. Gesi za oksidi za naitrojeni zipimwe pia, kwani mara nyingi masizi yakishuka zenyewe hupanda, na leso haizioni.

Moshi huu tunauvuta sisi na kina mama wa mahamri barabarani. Tangu 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Basi wanaosimamia ubora wa bidhaa wadai matokeo ya vipimo kabla chupa hizo hazijafika madukani.

Muuzaji yule akirudi, nina lori lenye noseli mbili mbovu ambalo sijaligusa. Amimine dawa yake, tupakie, tupande nalo Mazeras.

Fundi wa noseli,
Changamwe, Mombasa