Kwa binti yangu aliyeko Leipzig

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako anakusalimu na anauliza kama koti la baridi lilikutosha.

Nimesoma uliyoandika kuhusu ubishi wa jikoni kwenu: wenzako wawili wanataka Ujerumani iwape Waukraine makombora ya masafa marefu ya Taurus, mmoja anasema huko ni kumchokoza Putin, mtu mwenye bomu la nyuklia, kisha wakakugeukia wewe, "Ninyi Waafrika mnasemaje?" Ulifanya vyema kunyamaza. Nani alikuchagua uwe msemaji wa bara zima? Ila umeniuliza mimi nasimama wapi, na mtu wa Kagera haulizwi mambo ya uvamizi akakosa la kusema.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na siku chache baadaye akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, sisi tukakimbia kuelekea kusini na magodoro kichwani. Wakaja wasuluhishi kutoka Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Mwalimu akashikilia kwamba wamlaani mvamizi kwanza, ndipo usuluhishi ufuate. Kwa waliokuwa mbali, ule ulikuwa ugomvi wa majirani wa kupatanishwa. Kwetu, jambazi alikuwa ndani ya nyumba. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema Ukraine iachie tu vipande vya ardhi watu wapumue, huwa nauliza: vipande hivyo vina watu au havina? Warusi walipoondoka Bucha, mji ulio karibu na Kyiv, mwishoni mwa Machi 2022, maiti za raia zilikutwa zimelala barabarani. Kuna watu wanaodhani bunduki zikinyamaza mateso nayo yamekwisha. Waulize wa Bucha.

Lakini Kagera hiyohiyo ina upande wa pili, ambao wapenda hotuba hawausemi. Ardhi yetu tuliikomboa mapema. Tungeweza kuishia mtoni. Januari 1979 jeshi letu likaingia Mutukula, likaendelea Masaka, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Katikati hapo Gaddafi wa Libya akatuma askari wake kumsaidia Amin, akatupa saa za kuondoka, na ndege yake ya kivita ikaja hadi Mwanza. Mabomu yakawakosa watu yakaua wanyama wa hifadhi. Mwalimu hakutikisika. Sasa jiulize: kama Gaddafi angekuwa na bomu la nyuklia? Mimi naamini Kyaka tungeirudisha vilevile. Kampala sidhani kama tungekwenda. Kumtoa jambazi nyumbani kwako ni haki isiyoondoka hata awe na silaha gani. Kumfuata mpaka chumbani kwake ni hesabu nyingine, na hesabu hiyo hubadilika kulingana na alichokificha chini ya kitanda.

Ubishi wenu una wazee. Mwishoni mwa Aprili 2022 kina Alice Schwarzer, yule mwandishi mtetezi wa wanawake, walimwandikia Kansela Scholz barua ya wazi wakimsihi asipeleke silaha nzito, kwa hofu ya vita vya tatu vya dunia. Siku chache baadaye wengine wakajibu kwa barua yao, wakitaka zipelekwe haraka. Mzee Jürgen Habermas, mwanafalsafa, naye aliandika gazetini kwamba nchi yenye nyuklia haishindwi vitani kama nchi nyingine zinavyoshindwa, na kwamba Scholz alikuwa na sababu ya kupima kila hatua. Wengi walimshambulia. Mimi nilimwelewa, ingawa sikufika alikofika.

Maana vitisho vimekuwa vingi. Tarehe 27 Februari 2022, siku ya nne ya vita, Putin aliamuru vikosi vyake vya nyuklia viwe katika hali maalumu ya tahadhari. Septemba ile, alipotangaza kuita askari wa akiba, akasema hatanii. Novemba 2024 akatia saini mwongozo mpya uliopanua mazingira ya kuitumia silaha hiyo. Na kila mara silaha mpya ilipotajwa, iwe kifaru cha Leopard, kombora la ATACMS au ndege ya F-16, tuliambiwa huo ndio mstari wa mwisho. Zikaenda zote. Agosti 2024 Waukraine wakaingia hata mkoa wa Kursk, ndani ya Urusi yenyewe. Bomu halikupigwa.

Wapo wanaohitimisha kwamba basi vitisho vyote ni upepo. Hao nao siwaamini. Vuli ya 2022, Warusi walipokuwa wakirudi nyuma Kharkiv na Kherson, Rais Biden wa Marekani alisema kwamba hatari ya maangamizi haijawahi kuwa kubwa hivyo tangu mgogoro wa makombora ya nyuklia ya Cuba mwaka 1962, na mtu wa cheo chake hasemi hivyo kwa kupitisha muda. Xi Jinping, akiwa na Scholz Beijing Novemba 2022, alipinga matumizi ya silaha za nyuklia na hata kutishia kuzitumia. Pia bomu halihitaji mtu kuliamua kwa utulivu. Septemba 1983 mitambo ya Kisovieti ilionyesha makombora matano yanakuja kutoka Marekani, na afisa wa zamu, Stanislav Petrov, akaona hapana, huu ni uongo wa mashine. Alikuwa sahihi. Zamu ile angekuwepo mwingine, mtiifu zaidi wa kanuni, sijui tungekuwa wapi.

Jambo ninalotaka ulipeleke jikoni kwenu ni la Budapest. Muungano wa Sovieti ulipovunjika, Ukraine ilibaki na vichwa vya nyuklia vya masafa marefu karibu 1,900, akiba ya tatu kwa ukubwa duniani. Funguo za kuzifyatulia zilikuwa Moscow, ni kweli, lakini silaha zilikuwa kwao. Wakakubali kuziachia, na tarehe 5 Desemba 1994 Urusi, Marekani na Uingereza zikatia saini huko Budapest kwamba zitaheshimu mipaka yao. Hapa ndipo sisi tunaingia. Afrika Kusini iliunda mabomu sita ikayabomoa yenyewe, na bara letu likafunga Mkataba wa Pelindaba wa kutokuwa na silaha hizo kabisa. Kama aliyetoa bomu lake anavamiwa na aliyelipokea, na dunia inasema tusimuudhi kwa sababu ana bomu, basi kila nchi ndogo yenye jirani mkorofi imefundishwa la kutafuta. Anayeogopa nyuklia kwa kweli aliogope na hilo.

Ndiyo maana kura ya Umoja wa Mataifa ya tarehe 2 Machi 2022 iliniuma. Nchi 141 zilitaka Urusi iondoke Ukraine, zikiwemo Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa. Tanzania ilijizuia, pamoja na Uganda na Burundi. Najua hoja: Mrusi alisaidia ukombozi wa Afrika. Alisaidia, hakuna ubishi. Lakini wapiganaji wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walifundishwa Odessa, na Odessa iko Ukraine. Deni tunalomlipa mmoja ni la wote wawili. Balozi Martin Kimani wa Kenya alilisema vizuri zaidi kule Baraza la Usalama, siku tatu kabla ya vita: mipaka yetu tulichorewa na wakoloni, tukachagua kuishi nayo kuliko kumwaga damu kwa kuwaza himaya za zamani. Nilitamani sauti ile itoke kwetu, wenye Kagera.

Basi nasimama hivi. Ukraine ipewe cha kujilindia, na kwa wakati, kwa sababu msaada wa kuchelewa huongeza makaburi bila kupunguza hatari. Askari wa NATO wasipigane na Warusi ana kwa ana. Simu ya Moscow isikatwe hata siku moja. Kuhusu Taurus yenyewe sina neno la kiapo. Kombora linalopiga mbali vile ni suala la chumbani, ningetaka kwanza kujua litapiga nini.

Huyo mwenzenu anayeogopa msimcheke. Muulize tu: makubaliano ya kusitisha vita yatalindwa na nani, ikiwa saini za Budapest hazikulinda kitu? Na hao wawili waulize wangefanya nini siku Putin akipiga bomu moja dogo, shambani, pasipo watu. Niandikie watakavyojibu. Andika na lako, maana kurasa nne zote umenieleza ya wenzako, unaloliona wewe hukulitaja.

Baba yako,
Bukoba