Tupunguze wanafunzi ili tuwape nauli?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkufunzi wa umeme wa majumbani katika kituo kidogo kinachofundisha vijana wasio na ajira kutoka mitaa ya watu wa kipato cha chini. Kamati yetu imegawanyika pande mbili, kundi jipya linakaribia kupokelewa, na mimi niliyeombwa kutoa pendekezo sijui nisimame upande upi.

Kozi yetu ni ya miezi mitatu, kuanzia asubuhi hadi alasiri, na haina ada. Kundi lililopita lilianza na vijana 30, likamaliza na 13. Naona haya kukiri kwamba mwanzoni nilidhani ni uvivu. Nilipowatafuta walioacha, mmoja baada ya mwingine, karibu wote niliwakuta kazini, wakibeba zege, wakipakia mizigo au wakisukuma mikokoteni. Mmoja wao, aliyekuwa mwepesi kuliko wenzake wote katika kutafuta hitilafu kwa mita, aliniambia kwa upole kwamba mafunzo ni bure lakini siku si bure, kwa kuwa siku anayoketi darasani ndiyo siku ambayo wadogo zake hawana wa kuwaletea chochote jioni. Sikuwa na jibu.

Baadhi ya wanakamati wanataka tupokee vijana 15 tu, na fedha zitakazobaki ziwe posho ya nauli na chakula, kisha kila mwanafunzi akae miezi mitatu zaidi chini ya fundi anayefanya kazi halisi. Wengine wanapinga, wakisema mfadhili ataona idadi imeshuka kwa nusu, na kwamba posho itawaleta watu wasiopenda ufundi. Hoja ya idadi hainisumbui sana, maana ripoti zetu huandika "vijana waliofikiwa", maneno yanayomhesabu hata aliyekuja wiki moja akatoweka. Kinachoniumiza ni wale 15 tutakaowafungia mlango. Kozi ya jioni tuliijaribu: aliyebeba zege tangu alfajiri alisinzia na bisibisi mkononi, na wasichana waliogopa kurudi nyumbani gizani.

Nimesoma kuhusu Kolombia, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango wa Jóvenes en Acción uliwapa vijana maskini wa mijini miezi mitatu ya darasa na mitatu ya mafunzo kazini, pamoja na posho ya kila siku iliyokuwa kubwa zaidi kwa akina mama wenye watoto wadogo. Kwa kuwa waombaji walizidi nafasi, walipigiwa kura ya bahati nasibu, na hivyo watafiti wakaweza kuwalinganisha waliopata na waliokosa. Kipato cha wanawake kilipanda kwa takriban asilimia 20, ilhali kwa wanaume nafuu ya wazi haikuonekana. Hapo ndipo ninapokwama, kwa kuwa darasa langu karibu lote ni wavulana. Tena vitu vyote vitatu, yaani darasa, kazi na posho, vilitolewa kwa pamoja, kwa hiyo siwezi kuiambia kamati kwamba posho ndiyo iliyoleta mafanikio.

Mafunzo kazini nayo yana mtego wake. Tuliwahi kupeleka vijana wanne kwa fundi mmoja, wakakaa miezi miwili wakifagia karakana na kubeba ngazi bila kuruhusiwa kugusa hata soketi. Nilipolalamika, alinieleza kwamba mwanagenzi akikosea, nyumba ya mteja inaweza kuungua na lawama ikamwangukia yeye. Ana haki, kwani umeme hauna kosa dogo. Pendekezo namba 208 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2023, linataka mwanagenzi awe na mkataba wa maandishi na apate malipo stahiki, na Ujerumani ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1969. Lakini fundi ninayemzungumzia ana wasaidizi wawili anaowalipa kwa siku, kazi ikipatikana. Nimwandikie mkataba wa namna gani asiukimbie, na ambao bado utamlazimisha kumfundisha kijana?

Nawaomba wasomaji waliowahi kuendesha mafunzo kama haya, au walioyaacha njiani kwa sababu kama za yule kijana, wanishauri. Je, posho itolewe kila siku, au sehemu yake iwekwe hadi mwanafunzi amalize, nami nikijua kwamba njaa ya leo haisubiri mwezi wa tatu? Na tukipunguza nafasi, tuchague wenye kipaji, wenye shida kubwa zaidi, au tupige kura kama walivyofanya Kolombia? Mwenyewe naelekea kwenye kura, ila sijajua nitamtazamaje usoni yule mwepesi wa mita iwapo atarudi kuomba nafasi na jina lake lisitoke.

Wako,
Mkufunzi wa umeme