Barua kwa Hamisi kuhusu Mikanda ya Gari la Mzee

Chumbageni, Tanga
12 Juni 2024

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi zikufikie huko Morogoro pamoja na shemeji na watoto. Sisi hapa tu wazima, ila masika ndiyo kwanza yamekatika na kila chuma kilicholala nje kimeota kutu. Barua yako niliipata Ijumaa na nikaisoma mara mbili. Pale ulipoandika kwamba umeanza kung'oa mikanda ya pembeni, yale mapambo membamba ya ubavuni, ya Volkswagen ya marehemu Mzee kwa bisibisi, na kwamba mkanda wa mlango wa kushoto umekwisha kupinda, nilisikitika sana. Nakuomba uiweke bisibisi hiyo chini mpaka umalize kusoma.

Mikanda ile ni ya aluminiamu nyembamba, nayo ikikunjika kona moja tu, alama yake haifutiki hata ukiinyoosha kwa nyundo ya mpira. Kilichooza si mkanda, ni klipu ndogo za chuma zilizosukumwa kwenye matundu ya bodi. Mzee alipenda kutukumbusha kwamba Volkswagen za namna hiyo zilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na ni kweli bodi ile inastahimili barabara mbovu, lakini gari lake lililala miaka mingi hapa Tanga, hatua chache kutoka baharini. Unyevu wa chumvi hujificha nyuma ya mkanda, na pale chuma kinapogusana na aluminiamu katika unyevu huo, aluminiamu ndiyo huliwa, huku klipu yenyewe ikiota kutu kwa chumvi, ndipo unapoona unga mweupe upande wa mkanda na kutu upande wa klipu. Kwa kuwa kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, klipu huvimba na kukaba tunduni, na ukiivuta kwa nguvu hubandua rangi pamoja nayo.

Kwa hiyo anzia ndani. Fungua ubao wa ndani ya mlango, umulike kwa tochi, na utaziona ncha za klipu zimejitokeza kwenye bati, nyekundu na zenye magamba. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni kwa siku mbili, kisha uzibane ncha hizo kwa koleo jembamba na kuzisukuma nje taratibu. Upande wa nje, bandika utepe wa karatasi kandokando ya mkanda ili rangi isikwaruzwe, uchonge kabari ya mwanzi, na uinue mkanda kidogo kidogo, klipu moja kisha inayofuata, halafu urudi ulikoanzia. Mimi nilitumia saa nzima kwa mlango mmoja wa gari langu, na mkanda ulitoka umenyooka kama ulivyoingia. Klipu ikikatika na kisiki chake kikabaki tunduni, kigonge kutoka nje kwa tindo nyembamba kiangukie ndani ya mlango, kisha ukitafute na kukitoa, kwa sababu kipande cha kutu kilichoachwa chini ya mlango huziba vitundu vya kutolea maji na kuozesha mlango wenyewe.

Mikanda ya ubao wa kukanyagia, ule ulio chini ya mlango, ni kazi nyingine, maana kwenye gari langu hiyo hushikwa na bolti ndogo zenye nati upande wa chini. Sugua nyuzi za bolti kwa brashi ya waya kabla hujagusa nati. Tumia spana ringi namba 8, uikaze nati kidogo kwanza mpaka uisikie ikilia, ndipo uanze kuifungua. Bolti ikizunguka pamoja na nati, usishindane nayo, bali ikate nati kwa msumeno wa chuma kwa urefu wake. Moto usiutumie kabisa, kwa sababu utaunguza mpira wa ubao. Na ikikulazimu kutumia mashine ya kusagia, chomoa kwanza waya wa betri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma.

Sasa matundu, ambayo ndiyo yananitia wasiwasi zaidi. Miaka iliyopita nililipeleka gari langu kwenye gereji moja, wakayajaza matundu yaliyooza kwa puti na kupaka rangi juu, na masika yaliyofuata rangi ikavimba malengelenge kila penye tundu. Kutu ilikuwa hai chini yake. Wewe sugua kila tundu kwa msasa namba 80 mpaka bati ling'ae, paka dawa ya asidi ya fosforiki kwenye vidoa vilivyobaki vya kutu, suuza, ukaushe vizuri, kisha upake praima ya zinki mara mbili, nje na ndani, pamoja na ukingo wa tundu wenyewe, ambao mafundi wengi huusahau. Tundu lililopanuka hata klipu haishiki, mtafute mchomeleaji aweke kiraka kidogo cha bati kisha ulitoboe upya kwa keekee. Kulijaza puti ni kujidanganya.

Wakati wa kurudisha, usitumie tena klipu za chuma. Ndani ya kifurushi hiki nimekuwekea klipu 24 za plastiki, zinazotosha milango miwili na pembeni za nyuma, pamoja na washa za nailoni za kutenganisha bolti na mkanda. Kila klipu izungushie mpira laini wa kuzibia maji kabla ya kuisukuma tunduni, na nyuzi za bolti uzipake grisi.

Mkanda uliopinda usiutupe. Ufunge kwenye ubao ulionyooka, umpe dereva wa basi, nami nitaupokea stendi. Ninayo mitatu ya gari lililokufa hapa mtaani, na mmoja unalingana na wa mlango wa kushoto.

Rafiki yako,
Mbaruku