Risala ya madereva, tanboi (wasaidizi wao wa garini) na wapishi wa Naluwerere kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mhandisi wetu kutoka Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, Bwana RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, Mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, afande wa trafiki, masheikh na wachungaji, wazee wetu, akina mama wa vibandani, na madereva wenzetu mlioegesha leo kwa heshima ya siku hii: hamjambo nyote, na karibuni Naluwerere, kituo chetu cha matrela hapa Bugiri, Uganda.

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuja kwa barabara. Tumesikia kwamba ulitoka Kampala alfajiri na foleni ya Mukono ikakuonjesha kidogo. Tunakupa pole. Hata hivyo hatukuhuzunika sana, maana risala yetu imepata shahidi kabla haijasomwa.

Umoja wetu ulianza kama mchango wa mazishi. Dereva mwenzetu alifia njiani, mbali na kwao, na ikabidi tuzungushe kofia ili mwili urudi kwa mama yake. Kofia ile haikuacha kuzunguka. Leo tunaweka na kukopeshana, tunasomesha watoto wachache, na tumefundishwa huduma ya kwanza, kwa hiyo ajali ikitokea karibu tunajua kumtoa majeruhi bila kumvuta shingo. Ndani ya umoja huu wamo Wasoga, Wasamia, Wateso, Wakenya na ndugu kutoka Congo. Wapo wanaosema Kiswahili kililetwa Uganda na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022. Hapa Naluwerere kilikuja na trela, zamani. Tunawaomba radhi wazee ambao mara ya kwanza walikisikia kwenye vizuizi vya askari. Kwetu sisi ni lugha ya kuagizia chakula na kuombea breki.

Sasa tuingie kwenye hoja iliyotufanya tukuombe wewe, na si mwanasiasa, uwe mgeni wetu mwaka huu.

Barabara inayopita hapa mbele ni kipande cha Ukanda wa Kaskazini. Mzigo unashuka bandarini Mombasa, unaingia Uganda kwa Malaba au Busia, unapita hapa Bugiri, Iganga, Jinja, Kampala, kisha Mbarara hadi Katuna na Kigali, mwingine unakata kuelekea Congo. Nchi sita zimo katika mkataba wa ukanda huu: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudani Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Trela likilala hapa usiku, kuna duka fulani Bukavu litakalokosa sabuni.

Na siku hizi, mgeni rasmi, barabara ina macho. Mizani iko Busitema, na nyingine Magamaga. Kontena la transiti, yaani linalopita tu kwenda nchi nyingine, linafungwa sili ya kielektroniki, na tangu 2017 mamlaka za kodi za Kenya, Uganda na Rwanda zinalifuatilia kwa mfumo mmoja, hatua kwa hatua. Namba mpya za magari zenye kifaa cha utambuzi zilizinduliwa Novemba 2023. Kamera zimesimama mijini na barabarani. Hatuyapingi macho hayo. Wizi wa mafuta na mizigo njiani tunaujua sisi kuliko mtu yeyote, na sili imetulinda.

Shida ni kwamba kila jicho lina mwenyewe. Mizani inaona uzito, inamwambia mwenye lami. Sili inaona kontena, inamwambia mtoza kodi. Kamera inaona namba, inamwambia askari. Dereva, ambaye ndiye aliyekaa ndani ya kitu kinachotazamwa, haambiwi lolote isipokuwa faini. Sili inajua kontena liko Idudi saa nane usiku, lakini haiwezi kumwambia aliyelibeba kwamba mbele yake trela limelala ubavu katikati ya njia. Barabara imepewa macho, haijapewa mdomo.

Tukupe mfano tulioupitia. Mei 2023 mto Katonga ulifurika na kuikata barabara ya Masaka, kati ya Kayabwe na Lukaya. Magari yakaelekezwa kuzunguka kwa Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria. Mwanachama wetu mmoja alikuwa ametoka Malaba na mzigo wa Mbarara. Alipita Kampala, akapita Busega inapoanzia barabara ya Masaka, akaipita Mpigi yenyewe ambapo ndipo alipotakiwa kukata kona, asijue lolote. Alikuja kuambiwa Kayabwe, na mwuza mahindi. Wenye trela mnaelewa maana ya kugeuza kitu kile kwenye barabara nyembamba yenye foleni nyuma na mtaro pembeni. Alitumia nusu siku kugeuka, kisha akarudi njia ileile kutafuta Mpigi. Ubao mmoja wenye maandishi ya taa pale Busega, maneno matano tu, ungemwokolea dizeli na usingizi. Na kipimo cha maji chini ya daraja, kifaa kidogo kinachotuma ujumbe maji yakipanda, kingeweza kuuamsha ubao huo kabla ya lami kukatika.

Sasa linganisha na Karuma, kwenye mto Nile, njia ya kaskazini. Daraja lile la 1963 lilipofungwa kwa matengenezo Septemba 2024, tangazo lilitangulia. Redio zilisema, makundi ya simu yakasema, na wenzetu wa mzigo wa Gulu na Elegu wakajipanga mapema kupita Mbale, Soroti na Lira. Walinung'unika kwa sababu njia ni ndefu, ila hakuna aliyegeuza trela gizani. Tofauti ya Katonga na Karuma si daraja. Ni taarifa.

Tunajua kuna mwenye kuuliza: si kuna ramani ya simu? Ipo, na vijana wanaitumia sana mjini. Lakini ramani ile inaona simu, haioni shimo, haioni moshi wa lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza, na haijui kwamba foleni ya Malaba ni ya hati wala si ya ajali. Januari 2022, wakati wa mzozo wa vipimo vya korona mpakani, foleni upande wa Kenya ilirefuka makumi ya kilomita, na madereva walilala chini ya matrela siku kadhaa. Wenye mzigo Kampala walitupigia simu kuuliza kwa nini hatusogei.

Kuhusu faini tutasema kidogo, kwa sababu afande yupo na tungependa kumwona tena. Juni 2025 mfumo wa faini za kielektroniki ulianza kufanya kazi, na mwezi huohuo ukasitishwa kwa muda baada ya malalamiko ya wananchi. Sisi hatukulalamika kwamba mwendo kasi usikamatwe. Taarifa ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu watu 5,144 waliokufa barabarani katika mwaka huo mmoja, na baadhi yao tuliwafunika kwa maturubai yetu wenyewe. Tulicholalamikia ni kwamba mtu alikutana na faini kabla hajakutana na kibao cha mwendo. Na tunaona hatari nyingine mbele: mtambo ukigharamiwa na makosa, siku madereva watakapojirekebisha utakosa chakula, na mwenye mtambo ataanza kutafuta makosa. Kamera ilishwe kutoka kapu jingine.

Kapu lipi? Hapa ndipo tunapoomba sikio lako zaidi.

Kununua mitambo ni rahisi. Hufika mfadhili, husimamishwa nguzo, hukatwa utepe, hupigwa picha. Kuna nguzo moja tunayoipita kila wiki, hatutasema iko wapi wala nani aliisimamisha. Mwaka wa kwanza iliwaka. Kisha betri zikaibiwa. Kisha paneli ya jua ikaibiwa. Sasa ndege kaloli wamejenga kiota juu yake, na inapima mvua kwa kulowa tu. Nguzo ile haikufa kwa sababu teknolojia ni mbaya. Ilikufa kwa sababu bajeti yake ilikwisha siku ya utepe. Hakukuwa na fungu la mlinzi, la betri, la fundi, wala la bando la kutuma taarifa.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni hili: mradi wowote wa mitambo ya kuangalia barabara uje na gharama za miaka kumi zimeandikwa pamoja na bei ya kununulia, na asiyeweza kuonyesha nani atalipa mwaka wa saba asikatiwe utepe. Fungu hilo litokane na fedha za matunzo ya barabara. Sheria ya Mfuko wa Barabara ya 2008 ilijengwa juu ya wazo kwamba anayeitumia barabara achangie kuitunza. Basi mtambo uhesabiwe kuwa sehemu ya barabara, kama mtaro na daraja. Kwenye barabara ya Entebbe watu wanalipa tozo tangu Januari 2022, nasi tunailipa tukipita, huku tukinung'unika kidogo. Senti chache za kila tozo zingeweza kuwashwa kama taa mbele ya dereva yuleyule aliyelipa. Akiiona, manung'uniko yatapungua.

La pili, chimbeni mara moja. Waya wa kitanzi unaofukiwa chini ya lami kuhesabu magari ni kitu cha bei ndogo kama lami iko wazi, na ni ghali na kero kama itabidi ikatwe upya. Barabara ya kasi ya Kampala hadi Jinja inapangwa miaka sasa. Ikianza, mabomba ya nyaya yalale humo tangu siku ya kwanza, hata kama mitambo yenyewe itanunuliwa baadaye. Mkongo wa taifa wa mawasiliano tayari unafika Malaba na Busia. Mitambo iunganishwe na mkongo huo, isije kila idara na mnara wake.

La tatu ni ramani, na hatumaanishi ile ya ukutani. Marekani, kanuni ya mwaka 2001 ilizitaka kanda zinazotumia fedha za barabara za serikali kuu kununua mitambo ya namna hii ziandike mpango mmoja: nani anakusanya nini, anampa nani, kwa lugha gani ya mashine. Sisi tungeridhika na karatasi chache zenye majibu ya maswali hayo. UNRA, iliyokuwa mamlaka ya barabara kuu, imekwisha kurudishwa wizarani, kwa hiyo mwenye barabara sasa ni mmoja na visingizio vimepungua. Kikomo cha uzito ni tani 56 kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kontena letu likiwa na sili ileile hupimwa Kenya, likapimwa Busitema, likapimwa tena Magamaga. Kati ya vituo hivyo linapungua dizeli tu. Mizani zikiaminiana na sili, na zikiwekwa zile za kupima gari likitembea, anayesimamishwa atakuwa yule mwenye mashaka.

La nne ndilo la mdomo. Wamarekani haohao walitenga namba fupi ya simu, 511, mwaka 2000, mtu apige asikie hali ya barabara. Uganda si nchi ya simu janja kwa kila tanboi. Tupewe namba fupi, bila malipo, yenye sauti ya Kiswahili, Luganda, Lusoga na Ateso: Mabira kuna ajali, tumieni njia fulani, daraja jipya la Jinja liko wazi, Malaba foleni imeanzia pale. Namba hiyo ipokee taarifa pia. Dereva akiona trela limekwama bila kuweka alama, apige. Macho ya umoja huu ni mengi kuliko kamera zote za wilaya, na hayahitaji betri.

Hatutaki vyote kwa siku moja. Kama fedha ni za kuanzia tu, anzieni kwenye kuhesabu magari na kwenye vibao vitatu: kimoja kwa wanaotoka Malaba, kimoja Jinja kabla ya daraja, kimoja Busega. Kamera za faini zisubiri foleni, kama sisi. Na kamati ya kupanga ikikaa, kiti kimoja awekwe mtu anayeendesha. Si lazima awe wa Naluwerere, ingawa tungefurahi.

Mgeni rasmi, ili usidhani tumekuja na mikono mitupu: kwa miezi kadhaa tanboi wetu wamekuwa wakiandika katika daftari kila kizuizi walichokutana nacho kati ya Malaba na Kampala, saa waliyofika, saa waliyoondoka, na sababu waliyopewa kama walipewa. Hatutasoma hesabu zake hapa, maana sisi si wataalamu na wengine waliandika wakiwa na usingizi. Tunakukabidhi lote. Kurasa za katikati zimelowa mvua ya Lugazi, na ukurasa mmoja una mafuta ya chapati, lakini herufi zinasomeka. Kijana aliyeshika daftari amekaa safu ya pili, mwenye koti la kijani. Tunaomba umruhusu asogee mbele akueleze mwenyewe alama alizotumia, kisha chakula kiko tayari.

Risala hii imesomwa kwa niaba ya wanachama wote, walio hapa na walio njiani.