"Tulimchukua msichana"

Shikamoo Shangazi,

Saa kumi alfajiri hii sijapata hata lepe la usingizi, na gundi imenikaukia vidoleni. Mama alisema, "Sisi tulimchukua msichana." Hakupaza sauti. Alikuwa anakunja nguo.

Mambo ya watoto wa kuasiliwa unayajua, sina haja ya kueleza. Na hilo jingine utakuwa umeshalielewa: jina walilonipa silitumii, mwaka wa pili huu, na ndevu zimeanza. Walipokuwa wakiniita binti sikuwahi kulalamika. Haya, nililalamika, lakini si kila siku.

Ugomvi wenyewe ni kolaji yangu, ile picha ya vipande vya kubandika. Nakala ya amri ya mahakama nimeichana nikaishona tena kwa uzi mwekundu, nikaongeza kipande cha gauni langu la kwanza na rangi kidogo. Katikati nipo mimi wa miaka minne, nimekatwa kiunoni na kuunganishwa na miguu yangu ya sasa. Eti ni wazimu. Mbona msanii Hannah Höch wa Ujerumani alibandika mikono ya kiume yenye misuli kwenye mwili wa mwanamke, miaka ya 1930 huko, na leo kazi zake zimo kwenye majumba ya makumbusho?

Picha ile ilipigwa siku waliyonileta nyumbani. Haina nakala. Nilidhani ipo. Kusema kweli sikuuliza. Lakini aliyemo ni mimi, Shangazi, niombe ruhusa ya kujikata mwenyewe?

Tulimchukua msichana! Kwani amri inasema nikibadilika narudishwa? Nimeisoma hadi nimeikariri, inasema niwe wao kana kwamba wamenizaa. Sasa kama aliyechukuliwa ni yule, mimi ni wa nani? Zamani aliniita "mwanangu", neno lisilouliza wa kike au wa kiume. Siku hizi ni "wewe" tu.

Maonyesho ni Jumamosi. Simtaki aje. Kadi yake nimeiandika mara tatu, nikifika kwenye jina langu kalamu inagoma. Au niibandue picha nimrudishie? Gundi hii haiachii, itachanika yote.

Baba hasemi kitu. Ila jana usiku nilimkuta ameinama kwenye ndoo ya taka, anaokota mabaki niliyoyatupa: miguu ya yule mtoto na viatu vyake. Aliipangusa, akaitia kwenye bahasha. Sijui anamtunzia mama au ananitunzia mimi.

Nisiyelala