Barua ya wazi kwa Waziri: theluthi ya mshahara haifiki mwisho wa mwezi

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,

Nakuandikia nikiwa Buza, wilayani Temeke. Kwa miaka saba nilikuwa msimamizi wa upakiaji kwenye kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, mpaka mwaka jana tulipoitwa ofisini tukaambiwa oda zimepungua. Kibarua kikaota nyasi siku hiyohiyo. Fao la kukosa ajira, yaani malipo ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa mwanachama aliyepoteza kazi, nimelipokea miezi yote sita, limekwisha, na nataka nikueleze lilivyokuwa mkononi mwangu.

Mshahara wangu ulikuwa 420,000. Makato yakishatoka nilishika laki tatu na sitini hivi, na kwa kujibana ilitosha kunilisha mimi, wanangu wawili na mama yangu, na kulipa 60,000 ya vyumba viwili vya uani. Sheria inanipa asilimia 33.3 ya mshahara, yaani 139,860 kwa mwezi. Toa kodi ya nyumba, zinabaki 79,860. Gawanya kwa siku thelathini, ni 2,662 kwa siku, watu wanne. Sasa nikitoka asubuhi kuzungusha bahasha, daladala mbili kwenda na mbili kurudi kwa nauli ya 600, ni 2,400. Jioni nyumbani zimebaki 262. Hazinunui robo ya sukari.

Nilikuwa naandika matumizi nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu. Ukurasa mmoja unasema: tarehe 9, unga nusu, dagaa wa 500, mafuta ya kupima, mkaa kopo moja. Tarehe 10, unga nusu, mchicha. Tarehe 11 nimeandika "bahasha, Vingunguti", na mbele yake hakuna kitu. Siku hiyo tulikula kwa jirani yangu mama lishe, ambaye yeye hana mfuko wowote wala fao lolote, na kesho yake alikuwa jikoni saa kumi alfajiri kama kawaida. Ndiyo maana sijioni kama niliyeonewa kuliko wote. Wengi wa nchi hii hawana hata hiyo theluthi.

Kadi ya bima ya afya nayo ilikufa pamoja na kazi. Mama ana presha. Alianza kumeza dawa siku moja na kuruka siku moja, bila kuniambia, ili pakiti ifike mbali. Niligundua siku nilipohesabu vidonge na kukuta vingi kuliko vilivyotakiwa kuwepo. Hakusema neno, aliangalia chini tu.

Kuna jambo jingine ambalo naona watunga sheria hawakulifikiria. Maisha yetu hayaji kwa mwezi. Wenye nyumba wengi hapa mjini wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kwangu hiyo ni 360,000. Fao linaingia 139,860. Kiinua mgongo, siku saba kwa kila mwaka niliofanya kazi, nilikuwa nimeshakila wakati nasubiri, kwa sababu mwajiri alikuwa amenikata michango ya miezi mitano bila kuiwasilisha. Ilinichukua miezi minne kumfuatilia, getini, kwa simu, kwa barua, ndipo malipo ya kwanza yakatoka. Kodi ikaisha katikati. Nikakopa laki mbili kwa kausha damu, marejesho 10,000 kila siku kwa siku 26. Hesabu mwenyewe, Mheshimiwa: 260,000. Karibu fao la miezi miwili lilipita mikononi mwangu likaenda kwa mkopeshaji.

Najua tulikotoka. Mwaka 2012 lilipofutwa fao la kujitoa, lile la kuchukua michango yako yote ukiacha kazi, wachimbaji wa migodini walikuja juu. Mwaka 2018 ikaja sheria iliyounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF ya watumishi wa umma na kuiachia NSSF sekta binafsi, na kwenye mabadiliko hayo tukapewa fao hili badala ya kuchukua michango yote. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba ukila akiba ya uzeeni leo, uzeeni utaombaomba. Naikubali kabisa. Sitaki kula mbegu. Lakini mimi na mwajiri tulikuwa tunachangia asilimia 20 ya mshahara, 84,000 kila mwezi. Kwa miaka saba ni zaidi ya milioni saba. Fao langu lote la miezi sita ni 839,160, sawa na michango ya miezi kumi tu. Hapo katikati kuna nafasi ya kumsaidia mtu bila kugusa uzee wake.

Wapo wanaosema fao likinona watu watabweteka. Hao hawajawahi kutafuta kazi Dar es Salaam bila nauli. Niliacha kwenda kwenye usaili mara mbili kwa sababu siku hizo unga ulikuwa umeisha. Fao dogo halikunisukuma kutafuta kazi, lilinifungia ndani.

Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unataja asilimia 45 kama kiwango cha chini cha fao hili. Wa mwaka 1988, Namba 168, unataja 50. Na Juni 2024 Serikali ilitangaza kupandisha sehemu ya pensheni ambayo baadhi ya wastaafu wanalipwa kwa mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40, kwa hiyo asilimia za mifuko si msahafu.

Naomba kiwango kifike angalau 45 kwa sisi wa mishahara midogo, na kisishuke chini ya kima cha chini cha mshahara cha sekta mtu aliyotoka. Mtu aruhusiwe kuchukua miezi miwili ya kwanza kwa pamoja ili amalizane na mwenye nyumba. Michango isipowasilishwa, mwanachama alipwe kwanza, kisha mfuko wenyewe umfuate mwajiri. Mfuko una sheria na wanasheria, mimi nilikuwa na miguu tu. Na bima ya afya iendelee kwa miezi hiyo sita. Hili la mwisho, likishindikana yote, naomba lisishindikane.

Daftari ninalo. Ukitaka kuliona nitalileta Dodoma mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanachama mchangiaji,
Buza, Dar es Salaam