Wifi anauliza ni damu ya nani

Temeke, Dar es Salaam
12 Agosti

Mpendwa shoga yangu Zuhura,

Ujumbe wako niliupata tangu Jumapili. Sikukupigia kwa sababu siku hizi nikiongea na simu sebuleni kuna masikio yamekaa kwenye kochi. Nikaona bora nikuandikie, kama tulivyokuwa tukiandikiana likizo enzi za Lushoto. Barua anakuletea mdogo wangu, usimpe nauli, nimeshampa.

Umeniuliza kama ni kweli ugonjwa wa mwanangu Idi "umetoka kwa mama yake". Najua umeyatoa wapi. Wifi yangu ameyatembeza hayo mpaka Tanga yamefika kabla ya mwenyewe kupona. Sasa ngoja nikupe ya kwangu.

Ilianza homa, Jumatatu. Idi alikuwa na miezi 14. Zahanati ya kwanza wakampima malaria, hamna, wakatupa dawa ya koo. Siku ya tatu macho yote mawili yakawa mekundu kama ya mvuvi aliyekesha, lakini makavu, tongotongo hata moja hakuna. Midomo ikapasuka, akinyonya inatoka damu. Ulimi ndio nisiseme: unazikumbuka forosadi za nyuma ya bweni? Basi ulikuwa vile vile, mwekundu na vijipele vyake. Upele mwilini ulikuwepo, ila kwa rangi yetu hauonekani upesi. Niliupata kwa vidole usiku nikimpapasa mgongo, kabla sijauona kwa macho. Na kulia! Ukimbeba analia, ukimlaza analia, kama mtu anayedai haki yake. Kituo cha pili wakasema surua. Nikawatolea kadi ya kliniki, chanjo ya surua alichomwa akiwa na miezi 9. Wakaitazama, wakaturudisha nyumbani na panadoli.

Siku ya sita tukaenda hospitali kubwa. Akatupokea daktari binti mdogo, nikajisemea moyoni, huyu naye anajifunzia kwangu. Akamvua Idi fulana, akamgeuza, akasimama kwenye bega la kulia. Lile kovu la chanjo ya kifua kikuu, lililotulia tangu uchanga wake, lilikuwa limeumuka, jekundu pembeni kama kachomwa juzi. "Mama, hili lilikuwa hivi?" Zuhura, siku sita namwogesha yule mtoto na sikuliona. Binti akatoka mbio kumwita mkubwa wake. Baadaye alinieleza kwamba kovu hilo likiwaka na homa haishuki, daktari anayejua hatafuti tena mbali.

Mkubwa wake akaja, akatazama, akasema, "Hii ni Kawasaki." Baba Idi akamjibu kwa adabu zote, "Sisi hatuna pikipiki, daktari."

Kumbe ni jina la mtu. Daktari Tomisaku Kawasaki, wa hospitali ya Msalaba Mwekundu kule Tokyo. Mwaka 1961 alimpokea mtoto wa kiume wa miaka 4 mwenye mambo kama haya ya Idi, akapona bila yeye kujua kilikuwa nini. Angeweza kumsahau. Hakumsahau. Akawa anawakusanya mmoja mmoja, wenzake wakimwambia hakuna jipya hapo, mpaka mwaka 1967 alipoandika habari za watoto 50. Amefariki mwaka 2020, mzee wa miaka 95.

Kinachotisha si homa. Homa huisha yenyewe hata usipotibu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ni mishipa ya damu. Kinga ya mwili inachachamaa, chembe nyeupe zinaingia kwenye kuta za ateri na kuzitafuna, na ateri inayoipenda zaidi ni ile inayoulisha moyo wenyewe. Ukuta ukilegea, mshipa unatuna kama mpira wa baiskeli mahali palipochakaa. Asipotibiwa, mtoto 1 kati ya 4 hubaki na tatizo hilo. Akipata dawa kabla ya siku ya 10, inashuka hadi kama 1 kati ya 20. Sisi tulikuwa siku ya sita. Kipimo cha eko, kile cha kuutazama moyo kwa picha, kikaonyesha mshipa wa kushoto umeanza kutanuka, kidogo.

Dawa yenyewe ni kingamwili zilizochujwa kwenye damu ya watu waliojitolea, maelfu yao kwa mkupuo mmoja. Gramu 2 kwa kila kilo ya mtoto. Idi kilo 10, kwa hiyo gramu 20, zimeingia kwa dripu tone tone toka saa mbili usiku mpaka asubuhi. Bei sikutajii, utaangusha chai. Kaka yangu ndiye aliyeuza pikipiki, sasa hiyo ilikuwa pikipiki kweli. Alfajiri nilimgusa paji la uso, baridi. Akaniangalia, akaomba uji.

Sasa nije kwenye swali lako. Nilimbana daktari kwa sababu yangu mwenyewe, ambayo wewe peke yako ndiye unayeijua: huyu wa miezi minne tumboni. Nikamwambia niambie kweli, ni ya kurithi au si ya kurithi?

Akasema, si kama sikoseli, kwamba baba anayo nusu, mama anayo nusu, mtoto anaangukia zote mbili. Hapa kuna jeni kadhaa, kila moja inachangia kidogo. Moja iko kwenye kromosomu ya 19, wanaiita ITPKC. Wajapani waligundua mwaka 2008 kwamba inahusika na ugonjwa huu. Kazi yake ni breki. Chembe nyeupe ya aina ya T ikishtuliwa, kalisiamu inafurika ndani yake na yenyewe inaanza kuwaita wenzake vitani. Jeni hiyo hupunguza ule mfuriko. Kuna watu ambao herufi moja tu ya jeni hiyo imebadilika, na breki yao inashika kwa kuchelewa.

Nikakumbuka basi letu la Lushoto. Breki zile zilikuwa mbovu miaka yote, lakini Tanga mjini nani alijua? Tulijua siku ya kuteremka kwenda Mombo, kwenye zile kona. Ndivyo nilivyoelewa. Ukiwa na breki hafifu na hujapata mteremko, unazeeka salama. Mteremko wenyewe ni kitu fulani mtoto anachokivuta au kukimeza, labda kirusi. Kwamba kipo, hawabishani sana: Japani ugonjwa ulilipuka kwa mawimbi mwaka 1979, 1982 na 1986, na jeni hazina mawimbi. Mwaka 2020 watu walipojifungia na kuvaa barakoa, wagonjwa wakapungua.

Na breki nazo zipo. Japani wanaugua zaidi ya watoto 300 kwa mwaka katika kila 100,000 walio chini ya miaka mitano. Marekani ni kama 20. Utasema ni hewa ya kwao, lakini watoto wa asili ya Kijapani waliozaliwa Hawaii nao huugua kwa wingi kuwapita weupe wanaoishi nao mtaa mmoja. Hata dawa wameitoa humo humo: kuna inayoitwa saiklosporini, inayokanyaga breki hiyo hiyo kwa mguu mwingine, na mwaka 2019 walitoa matokeo kwamba kwa watoto wenye hatari kubwa, waliopata shida ya mishipa ya moyo walishuka kutoka 31 hadi 14 katika kila 100.

Kuhusu mdogo wake Idi: kwa hesabu za Japani, uwezekano wa ndugu wa mgonjwa kuugua ni mara kumi ya ule wa mtoto mwingine. Nilianza kulia. Daktari akaniambia, malizia kusikiliza, mara kumi yenyewe ni kama 2 kati ya 100. Nikafuta machozi, lakini huyu akizaliwa na kupata homa ya siku tatu, sitakaa zahanati kusubiri surua.

Idi sasa yuko vizuri. Wiki ya tatu vidole vilianza kubambuka kuanzia kwenye kucha, ngozi nyepesi kama ganda la kitunguu. Aspirini kidogo kidogo alikunywa mpaka eko ya wiki ya nane, mshipa umerudi. Nesi wa kliniki amenigombeza kwa nini simleti chanjo ya pili ya surua. Nimemwonyesha karatasi: ni mpaka miezi 11 ipite tangu ile dripu, maana kingamwili za wale wageni zingeiua chanjo kabla mwili wake haujajifunza kitu.

Nikuibie moja ya mwisho. Siku vidole vinabambuka, mama mkwe alikuwa amempakata. Akavitazama muda mrefu, halafu akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Baba yake naye alibambuka hivi hivi. Tulisema surua."

Inaweza kuwa kitu kingine, koo nalo lina ugonjwa wa kubambua ngozi, daktari kaniambia nisikimbilie. Ila kasema nimpeleke mume wangu naye apimwe eko. Bwana anakataa, ati moyo wake hauna neno, una kazi tu. Ijumaa nitamwambia tunampeleka Idi.

Wifi sijamwambia. Nasubiri siku yake.

Nisalimie mama na watoto.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaidi